Nani Apange Foleni ya Malipo?

Mfugaji wa Olenguruone anayeuza maziwa kupitia ushirika kwa kawaida hulipwa mara moja kwa mwezi. Siku hiyo, mhasibu akishabonyeza kitufe cha kulipa, pesa hazifiki kwenye simu za wanachama wote kwa mkupuo mmoja. Programu huyagawa malipo kuwa kazi ndogondogo, kazi moja kwa kila mwanachama, kisha huzipanga foleni kwenye seva ya kukodi. Seva hiyo huenda iko Cape Town, ambako Amazon ilifungua vituo vyake vya data Aprili 2020, au Johannesburg, ambako Google ilifuata Januari 2024, au hata Ulaya. Kazi hizo hutolewa moja baada ya nyingine, na kila moja hubisha hodi kwa M-Pesa kuomba mtu fulani alipwe kiasi fulani.

Foleni hiyo ina mipangilio yake. Zitoke kazi ngapi kwa sekunde? Ngapi ziwe njiani kwa wakati mmoja? Kazi ikishindikana ijaribiwe tena mara ngapi, na kati ya jaribio na jaribio isubiri muda gani? Yote hayo ni tarakimu nne au tano tu. Huandikwa na mtu mmoja, na aghalabu hakuna mwanachama anayejua kwamba zipo.

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: mipangilio ya foleni ya malipo iachiwe msanidi programu, au iamuliwe na ushirika wenyewe? Wanaobishana ni wanne. Yupo kijana msanidi programu, mzaliwa wa huko juu Olenguruone. Mama mhasibu wa ushirika. Mzee mfugaji mwenye ng'ombe watatu. Na fundi wa mifumo aliyepanda kutoka Nakuru. Wote ni wa kubuni na hawasimami kwa niaba ya ushirika wowote. Foleni wanayoibishania ipo, na tabia zake ndizo hizi watakazozitaja.

Kijana alianza kwa kasi. "Mwezi ukifika tarehe ya malipo, watu wanapiga simu tangu alfajiri. Kuna karo, kuna deni la chakula cha ng'ombe dukani. Huduma ya Google iitwayo Cloud Tasks inaweza kutoa hadi kazi 500 kwa sekunde katika foleni moja. Tukiwa na wanachama 4,000, ni sekunde nane tumemaliza. Kwa nini nimcheleweshe mtu pesa yake?"

"Sekunde nane," mhasibu akarudia. "Sasa kijana wangu, kama kwenye kituo kimoja cha kukusanyia maziwa karani aliandika lita 150 badala ya 15, mimi nitaligundua saa ngapi?"

"Ungeligundua kabla ya kubonyeza, mama. Orodha si unaikagua?"

"Ninaikagua. Nimeikagua miaka yote. Na bado kuna siku jicho linapita juu ya kosa, halafu simu ya kwanza inapigwa na mtu mwaminifu kuuliza mbona amepewa nyingi. Nataka simu hiyo inifikie kabla orodha haijaisha."

Hapo mama alikuwa amegusa jambo ambalo wahandisi wengi hulipita haraka. Kazi tano kwa sekunde, kiwango kilichokuwa cha kuanzia katika foleni za zamani za App Engine ya Google, zingewamaliza wanachama 4,000 kwa muda wa dakika 13 na sekunde 20. Kwa mfugaji aliyesubiri mwezi mzima, dakika 13 si kitu. Kwa mhasibu ni nafasi ya kuona malipo 50 ya kwanza yakitoka, kuyalinganisha na daftari, na kuisimamisha foleni kukiwa na kasoro. Cloud Tasks ina amri ya kusimamisha foleni. Kazi zilizobaki hukaa palepale mpaka iruhusiwe kuendelea. Amri hiyo haina faida foleni ikiwa imeshakauka kabla mtu hajaifikia kompyuta.

Fundi aliongeza upande wa pili. Kasi haipimwi kwa uwezo wa anayetuma pekee. Mpokeaji naye ana kikomo chake. Ukiisukumia huduma ya malipo maombi mengi kuliko inavyokubali, itayakataa, yatarudi foleni, na yatajaribiwa upya pamoja na mapya yanayokuja nyuma yake. Google yenyewe hupunguza mwendo wa foleni ikiona majibu ya aina hiyo yamezidi. "Kwa hiyo ile 500 yako, ndugu yangu, ni ya kwenye karatasi," akamwambia kijana. "Utaomba mia tano, utapewa unachopewa."

Kuhusu kasi, basi, makala haya yanakubaliana na mhasibu. Kasi ya foleni ya malipo ipimwe kwa muda anaohitaji binadamu kugundua kosa, nayo ibaki chini ya kikomo cha mpokeaji. Ila kasi ndiyo sehemu rahisi ya mjadala. Moto uliwaka walipofika kwenye kujaribu tena.

Kijana ndiye aliyeleta mfano. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Kenya na majirani zake ikazorota kwa siku kadhaa. "Kama malipo yangeangukia siku hiyo na programu ingekuwa inajaribu mara moja tu, nusu ya kijiji wangelala bila pesa. Kujaribu tena ndiyo sababu ya kuwa na foleni. Ombi likishindikana haliangushwi. Linarudi mstarini na kungoja zamu nyingine."

"Mara ngapi?" mzee akauliza.

"Tukiacha mipangilio ya mwanzo, mara 100."

Mzee aliweka kikombe chini. Mara mia?

Ndiyo, mia. Anayefungua foleni ya Cloud Tasks bila kugusa sehemu hiyo anakuwa ameridhia majaribio 100. Jaribio la kwanza likishindikana, foleni husubiri sehemu moja ya kumi ya sekunde. Likishindikana la pili, husubiri mara mbili ya hapo, na huendelea kuzidisha hivyo mpaka pengo lifike saa moja, ambapo halirefuki tena. Ukipiga hesabu, majaribio saba ya mwanzo hukamilika ndani ya sekunde saba, na yote 100 huchukua takriban siku tatu na nusu. Mpango huu una busara yake: kama tatizo ni dogo litatatuliwa mara moja, na kama ni kubwa seva iliyolemewa haitapigwa rungu kila sekunde. Lakini ni mpango uliowekwa kwa ajili ya kila aina ya kazi, kuanzia kupunguza ukubwa wa picha hadi kutuma barua pepe. Aliyeuweka hakuwa akifikiria shilingi 6,400 za mzee wa Olenguruone.

Mhasibu akauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza katika kila kikao cha namna hii. "Ukisema ombi limeshindikana, unajuaje kwamba limeshindikana? Huenda M-Pesa wamelipokea, wamelipa, na jibu ndilo lililopotea njiani kurudi. Siku nyaya zimekatika si ndivyo itakavyokuwa?"

Ndivyo. Na hapa ndipo pesa hutoka mara mbili.

Safaricom ilifungua mlango wa M-Pesa kwa wasanidi programu kupitia mfumo wake uitwao Daraja mwaka 2017. Kampuni au ushirika unapoomba kumlipa mtu kupitia mlango huo, jibu linalorudi papo hapo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Matokeo yenyewe, kwamba fulani amelipwa au hakulipwa, huja baadaye kwenye anwani ambayo ushirika uliitaja katika ombi lake. Tena ombi hutakiwa kutaja anwani mbili: moja ya kupokea matokeo, na nyingine ya kuarifiwa iwapo ombi limekaa kwenye foleni ya M-Pesa hadi muda wake ukaisha. Yaani upande wa pili nako kuna foleni. Kazi ya mfugaji mmoja hupita katika foleni mbili zenye wenyewe tofauti, na kila foleni ina masharti yake.

Sasa tazama msanidi asiye mwangalifu anavyoingia mtegoni. Ameandika programu inayotuma ombi kisha inangoja matokeo hapohapo kabla ya kuiambia foleni kwamba kazi imekwisha. Cloud Tasks huipa kazi dakika 10 isipoelekezwa vingine. Matokeo yakichelewa dakika 11, foleni inahesabu kwamba kazi imeshindikana na kuituma upya. Ombi la pili linapokelewa kama ombi jipya, na mfugaji analipwa tena. Kwa mtumiaji wa SQS, foleni ya Amazon, mtego uko karibu zaidi: ujumbe uliochukuliwa na seva hufichwa kwa sekunde 30 tu, isipokuwa umebadilisha muda huo; usipofutwa kabla ya hapo huonekana tena na seva nyingine inaweza kuuchukua.

Hata programu ikiwa safi, foleni yenyewe haiahidi kwamba kazi itatekelezwa mara moja tu. Inaahidi angalau mara moja. Google husema zaidi ya asilimia 99.999 ya kazi hutekelezwa mara moja pekee. Ni kiwango kizuri sana. Kwa ushirika wa wanachama 4,000 wanaolipwa kila mwezi, yaani malipo 48,000 kwa mwaka, upungufu huo kwa wastani hauzidi rudio moja katika takriban miaka miwili. Kijana aliitumia hesabu hiyo kutuliza wasiwasi. Mama hakutulia, na alikuwa na haki: marudio mengi hutokana na majibu yaliyochelewa, wala si na foleni yenyewe, na hayo hayana asilimia inayotangazwa na mtu.

Basi mama akatoa pendekezo lake: jaribio moja tu. Likishindikana, kazi ije mezani kwake aishughulikie kwa mkono.

Fundi alilikataa. "Mama, siku mtandao umezorota utaletewa kazi 1,500 mezani. Utazikagua mpaka usiku, na wewe mwenyewe utachoka ulipe mtu mara mbili." Dawa, kwa maoni yake, ni kuifanya kazi iweze kurudiwa bila madhara kwanza, ndipo mjadili idadi ya majaribio. Akaeleza hatua zake. Kabla ya kutuma chochote, programu iandike kwenye daftari la ushirika kwamba malipo ya mwanachama fulani ya mwezi fulani yameanza, na iyape namba yake ya pekee. Kila jaribio, liwe la kwanza au la ishirini, litumie namba hiyohiyo. Daraja ina nafasi ya namba ya aina hiyo katika ombi la malipo. Kazi inayorudi foleni isitume ombi kabla ya kusoma daftari. Ikikuta malipo yameanza na matokeo hayajulikani, iulize kwanza hali ya muamala, kwa maana Daraja ina njia ya kuuliza hivyo. Ikijibiwa kwamba mtu amelipwa, ifunge kazi. Ikijibiwa kwamba hakulipwa, ndipo itume. Isipopata jibu lolote, isubiri.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Hiyo ndiyo ningetaka kijana aifanye kabla ya kuniambia habari za sekunde nane."

Ni kweli, na hili ndilo jambo kuu ambalo ushirika wowote unapaswa kumdai msanidi wake. Idadi ya majaribio ni tarakimu inayobadilishwa kwa dakika moja. Daftari linalozuia malipo ya pili ni kazi ya wiki, halionekani kwenye skrini ya mteja, na kwa sababu halionekani huachwa hadi siku ambayo pesa zimetoka. Msanidi anayeongeza majaribio bila daftari hilo anacheza na pesa za watu ambao hawajui kwamba mchezo unachezwa.

Likabaki swali la kazi inayoshindikana hadi mwisho. Katika Cloud Tasks, jaribio la mia likishindikana kazi hufutwa. Haihamishiwi popote. SQS ina njia ya kuzihamishia kazi sugu kwenye foleni ya pembeni ili mtu azitazame, lakini lazima uipange mwenyewe; usipoipanga, ujumbe hukaa siku nne kisha hupotea, ingawa muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 14. Siku nne zinatosha mpaka ufikirie Pasaka. Malipo yakikwama saa kumi jioni Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu, na ofisi ikafunguliwa Jumanne asubuhi, siku nne zimeshapita, na foleni iko tupu kana kwamba kila mtu amelipwa.

Kijana hakulijua hilo, na alisema hivyo bila kujitetea. Walikubaliana kwamba majaribio yapunguzwe hadi manane, jaribio la pili likianza baada ya sekunde 30 badala ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kwamba kazi yoyote isiyofaulu iandikwe kwenye orodha ya mhasibu kabla foleni haijaifuta. Mama alitaka matano. Fundi alitaka kumi na mawili.

Mzee ndiye aliyewatoa kwenye malipo na kuwapeleka kwenye ujumbe wa simu. Kilichomkera miaka yote, alisema, ni kukaa kimya kwa ofisi. Alitoa mfano wa mbolea ya ruzuku. Serikali iliishusha bei hadi shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50 Septemba 2022, kisha 2,500 Agosti 2023, na wakulima waliosajiliwa huarifiwa kwa simu. "Jirani yangu amepata ujumbe, mimi sijapata. Nikodi pikipiki niteremke na matope yote haya, au ningoje? Hakuna wa kuniambia. Na maziwa ni vivyo hivyo. Niambieni tu kwamba pesa yangu iko njiani."

Kijana alikuwa na jibu tayari: ujumbe wa kuarifu malipo hutumwa mara kazi inapotoka foleni. Mhasibu akamkatiza. Ujumbe huo husema nini, umelipwa? Na kama M-Pesa hawajalipa bado? Mtu ataenda kwa wakala na ujumbe wa ushirika mkononi, akute salio halijabadilika, arudi ofisini amekasirika, na ana haki ya kukasirika.

Hapa ndipo ilipodhihirika kwamba foleni moja haitoshi. Malipo na ujumbe vikipangwa katika foleni moja, ujumbe 4,000 wa kuwaalika watu kwenye mkutano unaweza kutangulia na kuyazuia malipo nyuma yake. Na masharti yanayofaa pesa hayafai ujumbe. Ujumbe wa mwaliko ukienda mara mbili, hasara ni bei ya ujumbe mmoja. Unaweza kutoka kwa kasi, na ukijaribiwa mara nyingi haumuumizi mtu. Foleni ya malipo iende polepole na kwa uangalifu. Ujumbe wa malipo, kwa upande wake, uingie foleni pale tu matokeo ya M-Pesa yanapofika. Wakati kazi bado inasubiri, mfugaji apate ujumbe wa aina nyingine, unaomwambia ukweli: malipo yako yameanzishwa, hayajathibitishwa. Msanidi anaweza kuzitenganisha foleni hizo kwa mchana mmoja.

Fundi alikuwa na onyo moja la ziada, nalo ni la wale waliorithi mifumo ya zamani. Foleni za Google zinaweza kupangwa kwa faili liitwalo queue.yaml au kwa amri zinazotumwa moja kwa moja kwa Cloud Tasks. Google yenyewe huonya watu wasichanganye njia hizo mbili. Msanidi mmoja akifungua foleni mpya kwa amri, halafu mwenzake apakie faili la zamani lisiloitaja, foleni hiyo huzimwa. Inabaki na kazi zake, haitoi hata moja. Katika ushirika ambao kijana mmoja aliunda mfumo na mwingine akaurithi, hilo si jambo la kufikirika tu. Ndiyo maana fundi alitaka mipangilio yote iandikwe kwa Kiswahili katika kurasa mbili, ihifadhiwe ofisini pamoja na kumbukumbu za mikutano, na isibadilishwe bila sahihi mbili.

Kijana aliona hilo ni kumfunga mikono. "Mkitaka sahihi kwa kila tarakimu, siku mambo yameharibika nitamtafuta mwenyekiti wapi?" Hoja yake ina uzito. Walimruhusu kusimamisha foleni wakati wowote bila kuuliza mtu. Kuongeza kasi au majaribio, hapana.

Kabla hawajainuka, mzee aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye ajenda. Foleni huanza na nani?

Kwa namba ya uanachama, kijana akajibu, ingawa Cloud Tasks haihakikishi kwamba mpangilio utafuatwa kikamilifu. Mzee akahesabu. Wenye namba za chini ni waanzilishi, wengi wao wana mashamba makubwa. Walio mwisho ni vijana na wajane waliojiunga juzi. Kwa dakika 13 haidhuru. Lakini mhasibu alijua jambo ambalo kijana hakuwa amelipa uzito: kuna miezi ambapo salio kwenye akaunti ya malipo huisha kabla orodha haijaisha, kwa kuwa mnunuzi wa maziwa amechelewesha sehemu ya pesa. Siku hiyo foleni inaweza kujaribu mara nane au mara mia. M-Pesa itajibu kwamba salio halitoshi, na itajibu hivyo hadi mtu aweke pesa. Programu inapaswa kulitambua jibu hilo na kuisimamisha foleni nzima badala ya kumaliza majaribio ya watu bure. Na waliobaki watalala bila kulipwa, mwezi baada ya mwezi, wale wale.

Mzee akapendekeza waanze wenye kiasi kidogo. Mhasibu akaona wenye maziwa mengi, ambao ndio wanaoubeba ushirika, watahamia kwa wachuuzi wanaolipa taslimu barabarani. Fundi akapendekeza foleni ianze mahali tofauti kila mwezi. Kijana akasema mapendekezo yote mawili anaweza kuyaandika kabla ya malipo yajayo, wamwambie tu lipi. Hawakukubaliana. Mhasibu aliliandika swali hilo kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa wanachama, chini ya bei ya lita na juu ya uchaguzi wa kamati ya usafiri.